Acheni Kudaka Vifaranga kwa Juu

Majuzi nilifika kwenye kaya moja huku juu, uwanda wa Makonde, na chupa ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, mkononi, nikaondoka kuku kumi na mmoja wakiwa juu ya mwembe. Mama mwenye nyumba alikuwa amejiandaa vizuri. Majirani walishachangia chupa, watoto waliamka alfajiri. Banda lilipofunguliwa tu, kuku wakatawanyika kama wameona kicheche. "Hawa wangu wakali, bwana mifugo," akasema, "ndivyo walivyozaliwa."

Sivyo, mama. Walifundishwa hivyo hapo hapo uani, katika wiki mbili za mwanzo, na mkono uliowafundisha ni wetu wenyewe. Hili nimelikuta Newala, nimelikuta Nachingwea, nimelikuta mpaka kule pwani, ambako vijana wanarushia kuku kipande cha wavu na kuwavunja mabawa. Kwa hiyo leo sisemi habari za joto, maji wala pumba. Hayo mnayajua. Nasema habari ya mkono.

Chanjo ya kideri, au mdondo kama wengine mnavyouita, ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa. Vifaranga wanapata tone siku za mwanzo, wanarudia wakitimiza wiki tatu, kisha kila baada ya miezi mitatu. Hesabuni: katika mwaka wake wa kwanza kuku mmoja anatakiwa kushikwa mara tano, atulie, ageuzwe kichwa, tone lienee jichoni. Asiyeshikika hachanjwi. Na ugonjwa ukiingia banda lisilochanjwa, unaweza kulimaliza lote ndani ya siku chache. Chupa ikishafunguliwa haingoji mtu ashuke mwembeni.

Sasa kosa lenyewe. Boksi la vifaranga liko sakafuni, mtu amesimama, anainama, mkono unashuka kutoka juu na kumnyakua mmoja. Kifaranga hakuona mkono, aliona mwewe. Kila kinachomjia kutoka juu kwa kasi, maumbile yamemwambia akimbie. Ukimnyakua hivyo mara tano kwa siku, unampa uthibitisho mara tano. Na wenzake waliobaki wanasikia kilio chake na kujifunza naye.

Dawa yake ni kubadilisha mahali mkono unapoingilia. Pandisheni boksi juu ya meza au kichanja cha sentimita 60 kwenda juu, ili ukikaa kwenye kigoda vifaranga wawe usawa wa kifua chako. Kateni dirisha ubavuni mwa boksi, sentimita 25 kwa 25, na ukingo wa chini ubaki sentimita 10 juu ya sakafu yake, maranda yasimwagike. Usipokuwepo, dirisha lifunikwe. Mfuniko usiwe gunia lililobeba salfa ya kupulizia mikorosho, hata kama mmelifua. Anayewapa vifaranga joto kwa jiko la mkaa asipandishe kitu mezani, atatuunguzia nyumba. Huyo aache boksi chini, akate dirisha hilo hilo, naye akae chini kwenye mkeka. Na kwa kuwa tuko kwenye matandiko: maganda ya korosho hapana. Mafuta yake yanababua ngozi ya mtu mzima, sembuse nyayo za kifaranga wa siku mbili.

Muda wa kuanza ndio wengi mnaukosa. Mnasema "waache kwanza wapate nguvu, wiki ijayo nitawazoesha." Wiki ijayo umechelewa. Siku mbili za kwanza kifaranga bado haogopi sana kitu kigeni. Kuanzia siku ya tatu hivi woga unapanda. Kwa hiyo siku ya kwanza, akishakauka manyoya na kunywa maji, mkono uingie dirishani. Uingie tu. Kiganja juu, mgongo wa mkono umelala kwenye maranda, vidole vimetulia, dakika 5. Usimshike yeyote. Siku ya pili vivyo hivyo, na chenga za mtama kiganjani.

Kuanzia siku ya tatu ni dakika 10, mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya chakula, adhuhuri, na saa 11 jioni. Ondoeni chombo cha chakula dakika 20 kabla, si zaidi, na maji yabaki. Kabla mkono haujaingia, gonga kifuu cha nazi mara tatu, kila siku kifuu hicho hicho. Nimeona watu wanafanya nusu saa Jumapili, halafu kimya mpaka Jumapili nyingine. Hiyo ni kazi bure, na nasema bila kuficha kwamba inaniudhi, kwa sababu ni watu hao hao wanaokuja kuniambia njia hii haifai. Dakika 10 mara tatu hazilingani na dakika 30 mara moja. Aliye shambani amwachie bibi au mtoto mkubwa mmoja anayejua kutulia. Kanga ifungwe, mtandio usipepee.

Kama mna mchwa, tumieni mchwa. Chungu kibovu kilichojazwa nyasi kavu na samadi yenye unyevu, kikafudikizwa jioni kwenye njia yao, asubuhi kina chakula. Mchwa watano kwa kifaranga wanatosha kwa kikao kimoja. Msichimbe kichuguu kilicho karibu na mikorosho iliyopuliziwa dawa.

Siku ya tano anza kunyanyua. Mkono uteleze kutoka ubavuni, chini ya kifua, miguu yake ikanyage vidole vyako. Mkono wa pili ufunike mgongo bila kubana. Hapa naomba mnisikilize sana: kuku hapumui kama sisi. Anapumua kwa kifua chake kupanda na kushuka, na ukikibana unamziba pumzi. Vifaranga wangapi wamefia mikononi mwa watoto wanaowapenda! Mnyanyue sentimita 10 tu, hesabu mpaka kumi, mrudishe miguu yake iguse chini kabla hujamwachia. Akipapatika, usimwachie hapo hapo. Ngoja atulie sekunde mbili au tatu, ndipo umweke. Ukimwachia anapopapatika, amejifunza kwamba kupapatika kunalipa.

Kutoka siku ya nane hadi ya kumi na nne, mshike nusu dakika, mguse kichwa kwa kidole kimoja, kigeuze taratibu jicho litazame juu. Hilo ndilo zoezi la chanjo. Baada yake apate chenga kiganjani. Msimtenge mmoja peke yake mbali na wenzake, atalia mpaka achoke na atawaogopeni zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, na watoto wadogo wasiwabusu.

Wanaolelewa na mama yao, mzoesheni mama kwanza, akiwa bado anaatamia. Koo akipiga kelele ya hatari, hakuna mtama utakaowatoa vifaranga chini ya mbawa zake. Mlisheni kwa mkono kila siku akishuka kunywa maji. Wakishaanguliwa, walio chini ya tenga waingizieni mkono kwa upande, tenga limeinuliwa kidogo tu.

Jihadharini na jambo moja. Kifaranga anayekubali kushikwa huku amesinzia, mabawa yameshuka, manyoya yamevimba, huyo hajazoea. Anaumwa. Mtengeni, mwite afisa mifugo.

Wakikimbilia kifuu kikigongwa na kupanda kiganjani wenyewe, mmefika.

Wakitimiza wiki tano, kifuu kigongwe ndani ya banda saa 11 jioni, kabla hawajatazama miti. Kichaga cha kulalia kisizidi sentimita 20 kutoka chini kwa sasa. Usiku mmoja mwembeni unatosha kuwafanya warudi huko.

Na kuku walioharibika tayari kwa woga, msiwakimbize. Wagongeeni kifuu bandani jioni, siku kumi mfululizo, mlango ubaki wazi, wakishaingia ufungwe. Chanjo yao itakuwa saa 2 usiku, tochi hafifu, mmoja mmoja kutoka kwenye kichaga, mkono kwa chini. Yule mama wa mwembe tumekubaliana naye hivyo, ameshaanza siku ya tatu, na saba kati ya kumi na mmoja jana walilala ndani.