Kuchagua homu thieta ya seti moja kwa sebule ya Arusha au Moshi, na kuishi nayo

Homu thieta ya seti moja ni ile inayouzwa katika katoni moja ikiwa na kila kitu ndani yake: chombo kikuu chenye amplifaya na mara nyingi deki ya DVD au Blu-ray, spika tano ndogo na sabufa. Namba 5.1 inayoandikwa kwenye katoni inaeleza mpangilio huo, yaani spika tano pamoja na sabufa moja ya kubeba besi. Uzuri wake ni kwamba mnunuzi hahitaji kuoanisha amplifaya ya kampuni hii na spika za kampuni ile. Ubaya wake ni kwamba vitu hivyo vimefungamanishwa, kiasi kwamba kimoja kikiharibika vingine vinaweza kukosa kazi, kwa kuwa amplifaya nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa ajili ya spika zake tu, zenye ukinzani wa omu 3 au 4 na plagi za umbo la pekee, ambazo si rahisi kupata mbadala wake madukani. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba chombo kigeuzwe na kisomwe mgongoni kabla hujatoa pesa, maana uso wake umetengenezwa kukuvutia, na mgongo ndio unaoeleza utaishi nacho vipi.

Kusoma mgongo wa chombo

Katoni husifu wati. Utakuta tarakimu kubwa zikifuatwa na herufi PMPO, na hizo unaweza kuzipita bila kupoteza chochote, kwa sababu zinaeleza nguvu ya kitambo kidogo mno kwa hesabu ambayo kila mtengenezaji hujipangia. Kipimo cha maana ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, lakini hata RMS ya katoni inafaa kuhakikiwa. Karibu na mahali waya wa umeme unapoingia kuna kibandiko kinachoonyesha wati ambazo chombo kinavuta kutoka ukutani. Ikiwa katoni inatangaza wati 1000 na kibandiko kinasema 140, basi elewa kwamba hakuna chombo kinachoweza kutoa mfululizo zaidi ya kile kinachoingia, na kwamba sehemu ya hicho kinachoingia huishia kuwa joto. Tofauti hiyo haifanyi seti kuwa mbaya, kwani sebule ya mita 4 kwa 5 haihitaji nguvu nyingi, na hata ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Inakusaidia tu usilipe pesa nyingi zaidi kwa ajili ya tarakimu.

Kibandiko hicho hicho kinaonyesha volti. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na seti za mtumba zilizotoka Marekani huwa za volti 120, ilhali za Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja seti ya namna hiyo, fyuzi au pawa saplai itaungua papo hapo. Wapo wanaonunua transfoma ya kushusha umeme, na inafanya kazi ikiwa ina uwezo wa kutosha, lakini mimi ninaona ni mzigo usio wa lazima kwa chombo ambacho siku moja mgeni au mtoto atakichomoa na kukichomeka kwenye soketi ya kawaida.

Kisha tazama matundu ya kuingizia sauti, na hapa ndipo ningetumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Filamu, mpira na taarifa ya habari siku hizi hutoka kwenye king'amuzi au kwenye televisheni yenyewe iliyounganishwa na intaneti, si kwenye diski, na kwa vumbi la kiangazi la Moshi na la pembezoni mwa Arusha, lenzi ya deki mara nyingi ndiyo ya kwanza kuchoka. Seti isiyo na njia nzuri ya kupokea sauti kutoka nje inakuwa pambo siku lenzi inapokufa. Njia bora ni tundu la HDMI lenye maandishi ARC, teknolojia iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, ambayo huiwezesha televisheni kurudisha sauti kwenye homu thieta kwa kebo ile ile inayopeleka picha. Hakikisha kwamba televisheni yako nayo ina tundu lenye maandishi hayo, kwa kuwa upande mmoja peke yake hautoshi. Njia ya pili ni tundu la kebo ya mwanga (optical), ambalo nalo hupitisha bila tatizo sauti ya 5.1 ya Dolby Digital, mfumo wa kubana sauti ya chaneli nyingi. Waya mwekundu na mweupe hupitisha chaneli mbili tu, za kushoto na kulia, na spika za nyuma hupata kile ambacho chombo kimekisia. Seti yenye HDMI ya kutoa picha tu bila ARC, isiyo na kebo ya mwanga, ningeirudisha rafuni hata kama bei yake inavutia.

Kuhusu flashi, fahamu kwamba seti nyingi husoma flashi ya FAT32 tu, mfumo wa kuhifadhi mafaili usiokubali faili lenye ukubwa wa kufikia GB 4, na kwamba video mpya zilizobanwa kwa mfumo wa H.265 zinaweza kukataa kabisa kuonyesha picha.

Dukani

Muuzaji akiwasha chombo ili kukujaribia, kwa kawaida atapiga muziki wenye besi nzito, na karibu kila seti hupendeza kwa dakika mbili za muziki huo. Mwombe kwa upole: "Kaka, naomba uniunganishie king'amuzi nisikie watu wakizungumza." Sikiliza taarifa ya habari au mtangazaji wa mpira kwa sauti ya chini, kisha ya wastani. Katika filamu, sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka kwenye spika ya katikati, ile inayolala chini ya televisheni, na wengi huikagua mwisho au hawaikagui kabisa. Spika hiyo ikiwa dhaifu, maneno hayasikiki, mtu anapandisha sauti ili apate maneno, na mlipuko unaofuata unaamsha nyumba nzima. Baada ya hapo, omba menyu ya majaribio ipigwe ili kila spika itoe mvumo wake kwa zamu, na upime kwa jicho kama waya za spika za nyuma zitafika mwisho wa sebule yako.

Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyopigwa muhuri. Anayeishi Moshi, Marangu au Rombo na anayefikiria kununua Arusha kwa sababu ya unafuu wa bei, aweke katika hesabu yake kwamba Arusha na Moshi zimeachana kwa takriban kilomita 80, na kwamba chombo kikigoma ndani ya waranti atalazimika kukirudisha kule kule na katoni lake.

Kupanga sebule

Sebule nyingi za kwetu zimejengwa kwa matofali ya saruji, zina vigae sakafuni, dari ya jipsamu na madirisha makubwa, na sauti hugonga nyuso hizo ngumu na kurudi hadi maneno yanapoteza makali. Kapeti nene kati ya televisheni na sofa, pamoja na mapazia mazito yanayofungwa wakati wa kutazama, vitarekebisha sauti kuliko kitufe chochote cha rimoti, na ningevinunua kabla ya kufikiria seti kubwa zaidi.

Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali unaokaribia ule wa kutoka kwao hadi kwenye sofa. Ukikaa mita 2.5 kutoka kwenye televisheni, basi kati ya spika ya kushoto na ya kulia pawe na mita 2 hadi 2.5, na zote zikuelekee wewe kwa usawa wa masikio. Ya katikati isisukumwe ndani kabisa ya kabati la televisheni, bali ifike ukingoni na inuliwe kidogo ielekee usoni. Spika za nyuma ndizo zinazosumbua, kwa sababu tumezoea kupanga sofa kuzunguka kuta zote ili wageni waenee, na sofa kuu hugusa ukuta wa nyuma, pasipo nafasi ya kitu chochote nyuma yake. Kwa hakika si lazima ziwe nyuma. Mahali pake panapopendekezwa ni ubavuni mwa msikilizaji, zikirudi nyuma kidogo ya masikio, kwa hiyo zinaweza kutundikwa kwenye kuta za kushoto na kulia, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Ukiweza kuivuta sofa kuu nusu mita kutoka ukutani, besi nayo itaacha kuvuma kupita kiasi. Spika ndefu za kusimama zinapendeza, lakini penye watoto wadogo ni salama zaidi kutundika ukutani.

Unganisha waya chombo kikiwa kimechomolewa. Sokota nyuzi za shaba zisitawanyike, maana uzi mmoja unaogusa upande wa pili unaweza kuua amplifaya, na uangalie kwamba chanya inaingia chanya na hasi inaingia hasi. Spika moja ya mbele ikigeuzwa, besi hupungua na sauti ya mtu mmoja anayezungumza haisikiki ikitoka katikati, bali huelea bila mahali.

Sabufa iwekwe kwa kuitafutia mahali pake. Iweke juu ya sofa pale unapokaa, piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, kisha pita ukiwa umeinama kando ya kuta huku ukisikiliza. Mahali utakaposikia noti zote kwa kiasi kilicho sawa, bila moja kuvuma na nyingine kupotea, ndipo sabufa itakapokaa. Pembeni kabisa mwa chumba besi huongezeka, lakini mara nyingi inakuwa nzito isiyoeleweka. Mwisho, ingia kwenye menyu uandike umbali wa kila spika kwa mita. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na spika iliyo karibu zaidi kwa mita moja hukufikia milisekunde 3 kabla ya wenzake, kosa ambalo chombo hulirekebisha chenyewe kikipewa vipimo vya kweli. Ongeza spika ya katikati kwa desibeli 2 au 3, na katika king'amuzi chagua sauti ya Dolby Digital pale chaneli inapoitoa. Vipindi vingi vya hapa nyumbani hutangazwa kwa chaneli mbili, hivyo usiilaumu seti spika za nyuma zikikaa kimya.

Umeme, mvua, majirani

Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi usubiri dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa kuwa ni wakati wa kurudi ndipo volti hupanda na kushuka. Kifaa cha kukata umeme unapozidi au kupungua, kama kile kinachowekwa kwenye friji, ni cha bei ndogo kikilinganishwa na seti, na soketi iwe yenye waya wa ethi unaofanya kazi kweli. Wakati wa radi za masika, kuchomoa plagi ya ukutani hakutoshi: dishi liko juu ya paa, na msukumo wa umeme huweza kushuka kwa waya wake, ukaingia kwenye king'amuzi, ukapita kwenye kebo ya HDMI hadi televisheni na homu thieta. Chomoa na waya wa dishi pia.

Mvua ikipiga bati, kishawishi ni kupandisha sauti yote. Ni afadhali kuongeza spika ya katikati pekee na kuwasha mpangilio wa usiku, ambao hubana tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Mpangilio huo huo unawafaa wanaoishi nyumba za kupanga za Sombetini au Majengo, ambako ukuta mmoja ni wa familia mbili. Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyingine yoyote, kwa hiyo sabufa isiegemee ukuta wa pamoja, na kipande cha sponji ngumu chini yake kitapunguza mtetemo unaopita sakafuni. Mwenye chumba kimoja tu cha kupanga ningemshauri achukue saundiba, yaani spika moja ndefu ya kukaa chini ya televisheni, yenye sabufa ndogo, maana spika tano hazitapata nafasi ya kupumua.

Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu au brashi laini, chombo kikiwa kimepoa, na matundu ya hewa yasifunikwe kitambaa cha kufuma, hata kama kinapendeza. Pawepo na nafasi ya sentimita 10 juu yake. Joto la ndani huvutia mende, na mende wakiingia huchafua bodi.

Kikigoma, anza na vitu vidogo: kebo nyingine ya HDMI, betri za rimoti, na waya za spika zilizolegea nyuma. Chombo kinachojizima mara tu sauti inapopanda mara nyingi kina waya unaogusana, na hilo unaweza kulikagua mwenyewe kwa kuchomoa spika moja baada ya nyingine, ukikizima kwanza kila mara. Lenzi, fyuzi na kapasita zilizovimba ni kazi ya kawaida kwa fundi mzuri. Ikiwa bodi kuu ndiyo imekufa, mwulize bei ya ubao huo kabla hajafungua zaidi, na kama inakaribia bei ya seti nyingine, chukua chombo chako, pamoja na kifaa chochote alichokwisha kukitoa ndani.