Kumzoesha mtoto chekechea bila kumtoroka

Kila Januari, wiki ya kufungua, kuna mzazi atakayenivuta pembeni ya geti la kituo chetu hapa Tanga na kuninong'oneza: "Mwalimu, mpeleke kwenye bembea, mimi nichomoke." Jibu langu halibadiliki: "Hapana dada, muage mwanao."

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawasaidia kuchomoka. Msichana mmoja wa miaka mitatu na nusu aligeuka kutoka kwenye bembea, akakuta mama hayupo. Hakulia sana siku ile. Ila wiki nne zilizofuata alikaa kizingitini akilikodolea macho geti, uji hataki, chooni hataki, asije akapitwa. Somo alilolipata ni kwamba ukicheza, mama hupotea. Kulifuta somo hilo kulinichukua muhula mzima.

Haya ni kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 anayeanza kituo, na yanamhusu mzazi na mlezi wa kituoni kwa pamoja.

Hatua ya 1: Wiki moja kabla

Mwache kwa bibi au jirani anayemjua, nusu saa leo, saa nzima keshokutwa. Muage, ondoka kweli, rudi kweli. Aanze kulala mapema. Ajue kuvaa ndala, kuvua kaptula na kunawa mikono. Irabu usihangaike nazo, hiyo ni kazi yangu.

Halafu mwambie mlezi neno analotumia mtoto akibanwa na mkojo. Wengine husema susu, wengine kojo. Niliwahi kumpokea mmoja aliyekuwa anasema "maji". Tulimnywesha vikombe na vikombe na kumbadilisha kaptula nne kabla hatujaelewa.

Hatua ya 2: Siku mbili za kukaa naye

Njoo naye, kaa mkekani pembeni, ondokeni pamoja baada ya uji wa saa nne. Usimsukume, "nenda kacheze na wenzio." Atakwenda hatua tatu, ageuke kukutazama, arudi kukugusa goti, kisha aende hatua tano. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliliona hili hapahapa Afrika Mashariki, alipokuwa akiwatembelea akina mama na watoto wao wadogo katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Mtoto humfanya mama kuwa kituo chake cha kutokea na kurejea, na mwenye uhakika na kituo hicho ndiye anayethubutu kwenda mbali.

Kwa hiyo simu ikae mkobani. Akigeuka akakuta macho yako yako kwenye simu, kwake ni kama umeshaondoka.

Hatua ya 3: Kuaga

Siku ya tatu unaondoka, na hapa ndipo wengi tunapoharibu.

Mtoto wa miaka 3 hajui saa kumi ni nini. Mpe saa anayoweza kuiona au kuisikia. Wiki ya kwanza anashinda nusu siku tu, kwa hiyo mwambie, "Ukimaliza uji, mama anakuja." Akianza kushinda hadi mchana: "Ukisikia adhana ya alasiri, mama yuko njiani." Msikiti uko jirani nasi, na hata watoto wa Kikristo wameifanya adhana hiyo saa yao; ikianza tu, viatu vinatafutwa. Kwenu inaweza kuwa kengele ya shule ya jirani au kuamka usingizi wa mchana.

Mpe na kitu chako cha kushika. Kanga huuzwa doti, basi upande mmoja ubaki kwako, wa pili aje nao. Usiufue kwanza. Mwaka jana nilikuwa na mvulana aliyekuwa akiingia kona ya magodoro, anajifunika kanga kichwani, ananusa pindo dakika mbili tatu, kisha anatoka na kurudi kwenye mchanga kama hakuna kilichotokea. Hatukumkatiza. Wiki ya tatu kanga ilikuwa inashinda begini. Kwa baba, shati la jana linafanya kazi ileile.

Kuaga kwenyewe kusizidi dakika moja. Piga goti, mtazame, sema maneno yaleyale ya jana, mkumbatie, ondoka. Akilia, ondoka hivyohivyo, mlezi yupo. Usirudi kuchungulia dirishani. Nakuomba sana kwenye hili, maana kila ukirudi anajifunza kwamba akiongeza sauti mlango hufunguka, na kesho yake atalia mara mbili.

Ukisema baada ya uji, uwe getini baada ya uji. Ukikwama njiani, nipigie nimweleze.

Hatua ya 4: Kilio chenyewe (hii ni ya mlezi)

Lugha yetu ina maneno mengi ya hali hizi: kudeka, kununa, kususa, kulalama. Bahati mbaya watu wazima hulikimbilia la kwanza: "Anadeka tu huyo." Anayedeka mara nyingi hulia huku akikuchungulia kama unamwona. Mwenye hofu hulia hata ukimpa mgongo, mwili umemkakamaa, na mwisho anabaki na kwikwi. Wote wanahitaji mtu, ila huyu wa pili hawezi kusubiri.

Nachuchumaa hadi macho yetu yalingane: "Unamtaka mama. Umesikitika mama kaondoka. Ukimaliza uji anakuja. Mimi nipo." Basi. Sisemi "nyamaza" wala "mwanaume halii". Na kwetu ni marufuku kumtishia mtoto polisi au sindano. Ukimtishia sindano leo, mwezi ujao kliniki utamshikaje?

Kisha namletea kikombe kitupu cha plastiki. "Uji huu wa moto, tuupoze." Tunapuliza polepole, usije ukamwagika. Mara tano, sita. Kutoa pumzi ndefu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Ukimwambia mtoto avute pumzi atakushangaa, lakini uji wa moto anaujua vizuri.

Hatua ya 5: Mpe mikono kazi

Akishatulia kidogo, beseni la maji na vikombe viwili. Kumimina huku na kule kunamtosha nusu saa. Wengine wanapenda kutenganisha choroko na maharage, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Punje hizo zikae mbali na walio chini ya miaka 3, maana huishia puani au kooni.

Akianza kucheka na wenzake, mwingize kwenye mchezo wa nyama nyama: ukitaja mbuzi wanaruka, ukitaja paka hawaruki. Wakubwa wanaiona burudani tu. Kwa mtoto wa miaka 4, kuuzuia mwili uliokwisha jiandaa kuruka ni kazi kubwa, na ni kujizuia kulekule atakakokuhitaji siku mwenzake akimnyang'anya gari.

Hatua ya 6: Kumchukua

Wengi huangua kilio wanapomwona mama, hata kama walicheza kutwa. Usidhani alipigwa. Alikuwa amejikaza, sasa kafika mahali pa kujiachia. Mbebe, na usianze na "Ulilia leo?" Muulize alikaa na nani wakati wa uji.

Wengi wao hutulia ndani ya wiki mbili au tatu. Ikipita ya nne na bado hataki kula, au ameanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, kaa na mlezi mzungumze, na mpeleke kliniki pia. Akimwogopa mtu mmoja tu, au ukiona alama mwilini, usisubiri wiki yoyote: msikilize bila kumhoji sana, na piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Akiugua homa, au mkitoka likizo ya Krismasi au Idi, kilio kitarudi. Anza tena hatua ya 3, na kanga yake itoe kabatini mapema. Safari hii siku mbili huwa zinatosha.