Kusakinisha Git kwenye Ubuntu na Kuiondoa Ipasavyo

Git, programu ya kudhibiti matoleo ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux, husakinishwa kwa dakika chache tu. Kuiondoa ndiko kunakohitaji uangalifu, kwa kuwa huweza kuingia kwenye kompyuta kwa njia zaidi ya moja, na ni lazima itolewe kwa njia ileile iliyoingilia.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo

Fungua terminali, kisha andika:

which -a git
apt policy git

Ukiona /usr/bin/git, imetoka kwenye hazina ya vifurushi ya Ubuntu, ambayo programu zake husakinishwa na kuondolewa kwa amri ya apt. Usishangae ukiona pia /bin/git, kwani katika Ubuntu za sasa /bin ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye /usr/bin. Lakini ukiona /usr/local/bin/git, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji wake.

Hatua ya 2: Sakinisha

sudo apt update
sudo apt install git
git --version

Unapoulizwa nenosiri, herufi unazoandika hazionekani kwenye skrini. Andika tu kisha bonyeza Enter. Ubuntu 22.04 huja na toleo la 2.34.1, na 24.04 huja na 2.43.0. Anayehitaji toleo jipya zaidi anaweza kuongeza hazina ya ppa:git-core/ppa kwa amri ya add-apt-repository, ingawa kwa kazi za kila siku ninashauri ubaki na toleo la Ubuntu, kwa sababu marekebisho ya usalama hupachikwa humo hata pale ambapo namba kuu ya toleo haibadiliki.

Hatua ya 3: Jitambulishe

git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "wewe@example.com"

Taarifa hizi huhifadhiwa katika faili la ~/.gitconfig. Chagua anwani kwa makini, kwa maana huandikwa ndani ya kila badiliko unalolihifadhi, na ukiuweka mradi hadharani, yeyote anayeupakua ataisoma.

Hatua ya 4: Ondoa

sudo apt purge git
sudo apt autoremove

Amri ya remove huiondoa programu na kuacha mafaili ya mipangilio yaliyo chini ya /etc, ilhali purge huyafuta pia. Kabla ya kukubali, soma orodha ya vitakavyoondolewa, kwani programu nyingine zinazoitegemea Git huenda zikaondoka nayo. Amri ya pili husafisha vifurushi vilivyoletwa kwa sababu Git ilivihitaji, kwa kawaida git-man na liberror-perl.

Hakuna hata moja kati ya amri hizo inayogusa saraka yako ya nyumbani. Faili la ~/.gitconfig hubaki, na ikiwa uliwahi kuwasha credential.helper store, mpangilio unaoifanya Git ikuhifadhie nywila, basi nywila na tokeni zako (misimbo ya siri itumikayo badala ya nywila) hubaki katika ~/.git-credentials kama maandishi ya kawaida, bila kufichwa kwa namna yoyote. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya maabara ya chuo jambo hili ni zito, kwa hiyo yafute mwenyewe:

rm -f ~/.gitconfig ~/.git-credentials

Kisha ingia kwenye tovuti unakohifadhi miradi yako na uibatilishe tokeni hiyo, kwa kuwa kufuta faili hakuizuii kutumika na aliyekwisha kuinakili.

Folda ya .git iliyo ndani ya kila mradi ni jambo tofauti kabisa. Humo ndimo historia yote ya kazi yako ilimo. Iache ilivyo, na siku utakaposakinisha Git upya itasomeka kama kawaida.

Ikiwa uliongeza hazina ya nje, itoe pia:

sudo add-apt-repository --remove ppa:git-core/ppa

Kwa Git iliyotengenezwa kutoka kwenye msimbo chanzo, apt haina habari nayo, wala Makefile yake, faili la maelekezo ya kuitengeneza, haina amri ya uninstall. Orodhesha kwanza kwa ls /usr/local/bin/git*, hakikisha kila jina ni la Git yenyewe, kisha ufute hayo pamoja na /usr/local/libexec/git-core na /usr/local/share/git-core.

Mwisho, andika hash -r ili Bash, programu inayosoma amri zako ndani ya terminali, isahau njia ya zamani, halafu urudie which -a git. Isipotoa jibu lolote, programu imeondoka.