Bastola ndogo mpya mkononi: hatua za kuipima kabla ya kuiamini

Wenye vibali ninaowatunzia silaha hapa Lubumbashi wengi wamezoea chuma cha zamani: GP 35, bastola ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, risasi 13, uzito unaokaribia kilo. Wakishika Glock 43X kwa mara ya kwanza hutabasamu, kwa sababu bila magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, haifiki hata nusu kilo. Kisha wanataka kuivaa siku hiyohiyo. Hapo ndipo huwa nawaambia wasubiri.

Nimeishi na bastola hii muda wa kutosha kuwa na maoni yangu, na nitayasema katikati ya hatua. Kwa ufupi wa vipimo: ilitoka mwaka 2019, kalibri, yaani kipimo cha risasi yake, ni 9×19, mtutu wa milimita 87, magazini ya risasi 10. Kulasi yake, yaani kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ni ileile ya Glock 43 ya mwaka 2015 iliyobeba risasi 6 tu. Kilichoongezwa ni mpini mrefu zaidi. Ni nyembamba, inajificha vizuri chini ya shati. Lakini wembamba huo una bei, na anayeilipa ni mkono wako. Ndiyo maana tunapima kwanza.

Hatua ya 1: karatasi

Silaha nchini kwetu Kongo zinatawaliwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Bila kibali, funga ukurasa huu. Ukiwa nacho, linganisha namba iliyoandikwa humo na namba ya bastola yenyewe. Kwenye Glock namba imepigwa mahali patatu: kwenye fremu (mwili wa chini wenye mpini), kwenye kulasi na kwenye mtutu. Zote tatu zilingane. Namba moja ikitofautiana, usiipokee, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Hatua ya 2: hakikisha ni tupu

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kwanza chagua upande wa kuelekeza mdomo wa bastola. Lupango moja, yaani kiwanja kimoja cha nyumba, mara nyingi lina familia mbili tatu, na ukuta wa tofali ulio mbele yako ndio huohuo ambao nyuma yake watoto wa jirani wamelala. Mimi natumia mfuko uliojaa mchanga, umewekwa chini pembeni mwa chumba. Kila kazi ya silaha nyumbani inafanyika ikielekea mfuko huo.

Kidole kiwe nje ya triga, kimenyooka juu ya fremu. Toa magazini KWANZA. Baadaye ndipo uvute kulasi nyuma. Ukigeuza mpangilio huo, yaani ukavuta kulasi wakati magazini bado imo, utatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha utatoa magazini ukiamini umemaliza. Ajali nyingi za "nilidhani ni tupu" zinazaliwa hapo.

Kulasi ikishafungwa nyuma, tazama ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Macho peke yake hayatoshi: umeme ukikatika katikati ya kazi, kidole bado kinaona. Rudia kutazama na kugusa.

Jambo moja la bastola fupi ambalo wazoefu wa bastola kubwa hawalitegemei: kulasi ni fupi, basi mkono unaoivuta hutafuta pa kushika na kuteleza kuelekea mbele, mpaka kiganja kinapita mbele ya mdomo. Shika nyuma, kwenye mikwaruzo ya kushikia iliyo nyuma kabisa, kwa kiganja kizima juu yake. Usivute kwa ncha za vidole viwili. Springi ya bastola ndogo ni ngumu kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 3: ifungue, uisafishe

Kufungua Glock kunakulazimisha uvute triga kabla ya kutoa kulasi. Sasa umeelewa kwa nini nilichelewa kwenye hatua iliyopita. Rudia ukaguzi wote, elekeza kwenye mchanga, ndipo uvute triga. Kisha rudisha kulasi nyuma milimita chache tu, shusha kile kibao kidogo cha kufungia pande zote mbili kwa pamoja, usukume kulasi mbele itoke. Mezani utakuwa na fremu, kulasi, mtutu na springi ya kurudisha.

Ndani ya kulasi mpya utaona mafuta mazito yenye rangi ya shaba. Sisi watu wa Katanga tukiona shaba mikono inawasha, lakini hiyo iache. Kiwanda kimeipaka makusudi ili chuma na chuma vizoeane, na maelekezo yao yanasema isifutwe. Futa tu ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya kuhifadhia yaliyobaki humo hayana kazi wakati wa kupiga.

Kuhusu kupaka mafuta: tone dogo kwenye kila reli ambayo kulasi inateleza juu yake, tone juu ya mtutu ulienee kwa kidole, na tone moja upande wa kulia nyuma ya fremu, pale ambapo chuma cha triga kinakutana na kibati kidogo. Basi. Usimwagie mahali pa pini ya kupigia. Mwezi wa saba, vumbi jekundu linapoingia hadi kwenye sufuria, bastola iliyojaa mafuta inageuka kuwa mtego wa vumbi. Nimeletewa bastola zilizopakwa mafuta ya kupikia. Yanakauka, yanakuwa gundi, na kulasi inatembea kwa uvivu. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini ya gari nayo hapana, yana chembe za chuma.

Hatua ya 4: mkono wako kabla ya risasi

Hapa ndipo 43X inanipendeza. Vidole vyote vitatu vya chini vinapata mahali pa kukaa. Kwenye Glock 26 ya mwaka 1995, ambayo nayo inabeba risasi 10 na mtutu wa milimita 87, mpini ni mnene na kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Mwenye mkono mdogo atafurahi na wembamba huu. Mwenye mkono mkubwa atakuta kidole cha triga kinavuka mpaka kwenye kiungo cha pili, na hapo kila risasi itavutwa pembeni. Huyo namshauri Glock 19, yenye mtutu wa milimita 102 na risasi 15, akubali uzito. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kuhamisha kitufe cha magazini kwenda upande wa pili.

Zoezi la nyumbani: bastola tupu, risasi zote zimebaki chumba kingine, weka risasi za mazoezi zisizo na baruti. Wakufunzi wa nje hufundisha kwa sarafu juu ya kulasi. Sisi sarafu tumezisahau, pesa yetu ni karatasi tupu. Tumia ganda la risasi lililokwisha kupigwa. Lisimamishe juu ya kulasi, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele, kisha bana triga polepole mpaka ilie. Ganda likianguka, kidole chako kina haraka. Fanya hivi mpaka ganda lisimame mara nyingi mfululizo. Linachosha, lakini halikugharimu risasi hata moja.

Hatua ya 5: uwanjani

Nenda kwenye uwanja ulioruhusiwa, na wahusika wawe na habari. Mlio wa bastola katika mji wetu si mchezo, mtaa mzima hukimbia.

Kuna watu wanaotoka nje ya mji na kupiga kwenye kichuguu kikubwa, wakisema ni ukuta wa Mungu. Siwafuati. Vichuguu vya kwetu ni udongo uliokauka ukawa mgumu. Risasi inaweza kuteleza juu yake na kwenda usikokujua, na nyuma yake porini kuna watu wa makala, yaani wachoma makaa, na mama anayetafuta uyoga msimu wa mvua. Tuta la udongo laini au mchanga linameza risasi.

Vaa vizuizi vya masikio na miwani. Mtutu mfupi unapiga kelele zaidi na kutoa moto mwingi zaidi mdomoni kuliko mrefu, na sikio lililoharibika halirudi.

Anza mita 5, si zaidi. Mara za kwanza weka risasi moja tu kwenye magazini. Anayeanza na bastola nyepesi anaweza kushtuka akavuta triga mara ya pili bila kutaka, na wakati huo mdomo umeshapanda juu. Akishaizoea, risasi mbili, kisha tano, kisha sogea mita 7, kisha 10.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyezoea GP 35 ya marehemu mume wake, aliniuliza baada ya magazini ya kwanza:

"Fundi, mbona hii ndogo inauma kuliko ile kubwa?"

"Mama, risasi ni ileile. Msukumo ni uleule. Kilichopungua ni chuma cha kuupokea."

Hakupenda jibu, lakini aliendelea, na mkono wake ukatulia siku hiyohiyo. Shika juu kabisa, chini ya kulasi. Kifundo cha mkono kikaze. Ukilegeza kifundo, fremu inarudi pamoja na kulasi, springi inakosa pa kusukumia, ganda linakwama kwenye mlango wa kutokea. Watu husema bastola ni mbovu.

Ukipiga kwa mkono wa kulia na matundu yakakusanyika chini upande wa kushoto, usiguse vilengeo. Unabana mpini wote pamoja na triga, au unaogopa mlio kabla haujaja. Kwenye bastola fupi kosa hilo linaonekana zaidi, kwani kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana, na kupotoka kidogo tu mkononi kunakuwa kupotoka kukubwa kwenye karatasi.

Hatua ya 6: iaminishe

Desturi ya wengi ni risasi 200 kabla ya kuitegemea. Najua bei ya risasi, kwa hiyo gawanya: 50 leo, 50 ukipata tena. Andika 1, 2, 3 kwa rangi chini ya kila magazini, na kila inapokwama andika ni magazini ipi. Mara nyingi utagundua mkosaji ni mmoja.

Mambo mawili usiyasahau hata ukiwa umechoka. Triga ikilia na risasi isitoke, ielekeze shabahani, hesabu hadi thelathini, ndipo uitoe. Na mlio ukiwa hafifu, kama pumzi tu, simama papo hapo. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na utakayoipiga nyuma yake itapasua bastola mkononi mwako. Toa magazini, toa iliyo chembani, ifungue, tazama mtutu kutokea upande wa nyuma.

Hatua ya 7: kuivaa na kuilaza

Mliotoka kwenye GP 35, kidole gumba chenu kimezoea kutafuta kibao cha usalama. Kwenye 43X hakipo. Usalama wake ni wa ndani, pamoja na kile kiulimi kilicho katikati ya triga, na vyote vinaachia mara kitu chochote kinapoivuta triga: kidole, kifungo cha koti, kona ya shati. Kwa hiyo usiichomeke kwenye suruali. Tumia ala ngumu inayofunika triga yote, na unapoirudisha humo tazama, usiharakishe.

Nyumbani ni sefu, ufunguo kwako, risasi mahali pengine. Usiilaze ndani ya ala ya ngozi, hasa kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua zinapokolea: ngozi inashika unyevu na chuma kinaota kutu usiku. Vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitupe ndani ya sefu.

Wengi huuliza kama magazini zilazwe tupu. Springi haichoshwi na kukaa imebanwa, inachoshwa na kubanwa na kuachiwa mara nyingi, basi ukiziacha zimejaa hakuna shida. Ila msimu wa mvua, mara moja kwa mwezi toa risasi zote, zifute kwa kitambaa kikavu kisicho na mafuta, na yenye doa la kijani itenge kwa ajili ya uwanjani.