Kuandaa msafara wa wafanyabiashara kwenda Lubumbashi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unawahusu maofisa wa chemba za biashara, vyama vya wenye viwanda na waratibu wanaopeleka kampuni za Tanzania kutafuta wabia nchi jirani. Tumechukua Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu soko lake ni kubwa na linafikika kwa lori. Migodi ya shaba na kobalti inahitaji vifaa kila siku, sehemu kubwa ya unga unaoliwa mjini hutoka nje ya nchi, na Kiswahili kinazungumzwa sokoni na ofisini. Hata hivyo misafara mingi hurudi na picha za pamoja na rundo la kadi za biashara. Sababu huwa ileile: watu walisafiri kwanza, wakatafuta wa kukutana nao baadaye.

Hatua ya 1: Chagua sekta na tarehe (wiki 14 kabla)

Sekta moja, zikizidi sana mbili. Kampuni 8 hadi 12 zinatosha. Ukichanganya msaga nafaka, mwenye hoteli, mtengeneza nondo na mshauri wa kodi, hakuna mratibu anayeweza kumtafutia kila mmoja mnunuzi wa kweli.

Panga safari kati ya Mei na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, maana kutembelea maghala na migodi kwenye matope hula saa nyingi. Epuka wiki ya tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo.

Hatua ya 2: Chuja kampuni zako mwenyewe (wiki 13 hadi 11)

Hapa waratibu wengi huona aibu, na aibu hiyo huwagharimu. Mpe kila mwombaji fomu yenye maswali manne, asiyejibu kwa namba asisafiri:

- Unaweza kutoa tani ngapi kwa mwezi baada ya kuwahudumia wateja wako wa ndani?
- Nani anayekuja, na ana mamlaka ya kukubali bei papo hapo?
- Una cheti gani cha ubora, na muda wake unaisha lini?
- Bei yako ni kiasi gani mzigo ukiwa umefika Lubumbashi?

Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mnunuzi wa Lubumbashi analinganisha bei yako na ya muuzaji wa Zambia aliye jirani, au wa Afrika Kusini ambaye tayari ana ghala mjini. Bei ya mlangoni kiwandani haimsaidii. Andaa bei mbili kwa masharti ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa zinazogawa gharama kati ya muuzaji na mnunuzi: FCA kiwandani kwako (unamkabidhi mzigo msafirishaji wa mnunuzi) na DAP Lubumbashi (wewe unaufikisha mzigo hadi huko). Ya pili ijumuishe nauli ya lori la tani 28 hadi 30, bima, wakala wa forodha wa Tunduma na Nakonde, gharama za kupita Zambia, na siku za lori kusubiri Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Barabara ni karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam, na foleni ya Kasumbalesa inaweza kula siku kadhaa. Asiyeweka siku hizo kwenye hesabu hujikuta faida yote imeishia kwenye tozo ya kuchelewesha lori. Chini ya DAP, ushuru na kodi za kuingiza mzigo Kongo hubaki kwa mnunuzi. Liandike hilo wazi kwenye bei.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nayo ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, pia. Uanachama huo usikufanye umuahidi mnunuzi kwamba bidhaa itaingia bila ushuru. Pata kwanza makadirio ya maandishi kutoka kwa wakala wa forodha wa upande wa Kongo, kwa namba ya HS (namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa) ya bidhaa yenyewe.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja wa Kifaransa (wiki 10)

Mazungumzo yatakwenda kwa Kiswahili, lakini karatasi zote husomwa kwa Kifaransa, na anayeidhinisha malipo mara nyingi si yule mliyekaa naye. Kila kampuni iwe na ukurasa mmoja: bidhaa na namba yake ya HS ya tarakimu sita, ujazo wa vifungashio, uwezo wa mwezi, kiasi cha chini cha oda, bei ya DAP kwa dola na muda wa kufikisha. Mpe mtu anayejua Kifaransa cha biashara autafsiri. Tafsiri ya mashine hukosea hasa kwenye masharti ya malipo, pale pale ambapo kosa linauma.

Hatua ya 4: Watafute wabia na uwapekue (wiki 10 hadi 4)

Hii ndiyo kazi yenyewe. Anzia kwa Konseli Kuu ya Tanzania iliyoko Lubumbashi na tawi la FEC, shirikisho la makampuni la Kongo. Nenda pia kwa watu wasiopenda kualikwa ukumbini: madereva na wasafirishaji wanaopeleka mizigo huko kila wiki. Wao wanajua ni ghala gani linajaa na kumalizika, na ni nani anayekaa miezi bila kulipa.

Kwa kila kampuni uliyonayo, tafuta wabia 15 wa kuanzia ili ubaki na 6 wazuri. Omba mambo haya kabla ya kukubali mkutano:

- Namba ya RCCM, yaani usajili wa biashara, pamoja na Id. Nat. (namba ya kitaifa ya utambulisho wa biashara) na namba ya kodi.
- Namba ya kuingiza na kutoa bidhaa nje ya nchi. Asiye nayo ataagiza kwa jina la mtu mwingine, na mzigo ukikwama hutajua unamdai nani.
- Jina la benki yake na wasambazaji wawili anaonunua kwao sasa.
- Picha au video ya ghala ikionyesha bango la barabarani.

Benki zenye mizizi Afrika Mashariki zipo Lubumbashi, mfano Equity BCDC na TMB iliyo chini ya KCB. Mwanachama mwenye akaunti kwenye kundi hilohilo nyumbani aanzie kwa meneja wake. Ni njia fupi ya kujua kama mteja anafahamika.

Kwa wanaouza migodini kuna jambo la ziada. Sheria ya Kongo namba 17/001 ya Februari 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zifanywe na kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake inamilikiwa na Wakongo. Kwa hiyo fundi mitambo au mtoa huduma kutoka Tanzania hatafuti mnunuzi tu. Anahitaji mbia wa Kikongo aliyesajiliwa na mamlaka inayosimamia eneo hilo, ARSP. Usimpeleke mwanachama wako moja kwa moja ofisi ya manunuzi ya mgodi. Wataishia kumwambia arudi na mbia.

Hatua ya 5: Ratiba ya miadi (wiki 3 hadi 1)

Tengeneza jedwali: kampuni zako upande mmoja, wabia upande mwingine, saa katikati. Kila mkutano dakika 45, na nusu saa ya kuhama. Mikutano 3 kwa siku kwa kila kampuni inatosha. Thibitisha mara tatu: wiki mbili kabla, siku tatu kabla, na asubuhi yenyewe. Piga simu au tuma ujumbe wa WhatsApp wa sauti. Barua pepe pekee haitoshi. Kumbuka Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo andika "saa za Lubumbashi" kwenye kila mwaliko.

Weka mkalimani mmoja wa Kifaransa kwa kila kampuni tatu.

Hatua ya 6: Sampuli na nyaraka

Sampuli zitangulie wiki mbili kabla, zikiwa na ankara inayosema hazina thamani ya kibiashara. Kila msafiri abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na noti za dola safi zisizochanika, maana noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa.

Hatua ya 7: Siku tano mjini

Siku ya kwanza zunguka masoko, likiwemo lile la Kenya, mojawapo ya komyuni (maeneo ya utawala) za mji, mkaandike bei za rejareja za bidhaa mnazouza. Bila takwimu hizo mtapangiwa bei. Siku tatu zinazofuata ni za mikutano, na angalau nusu yake ifanyike kwenye maghala ya wenyeji. Hafla ya ufunguzi na viongozi isizidi saa moja na nusu; iweke jioni, isile asubuhi ya miadi.

Wakatazeni wanachama kusaini uwakala wa kipekee wakiwa huko. Kongo imo tangu 2012 kwenye OHADA, mfumo wa sheria za biashara unaotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, na sheria hiyo humpa wakala wa biashara haki ya kudai fidia mkataba unapovunjwa. Anzeni na oda ya lori moja, malipo ya awali asilimia 50, yanayobaki kabla mzigo haujatoka ghala la forodha. Malori matatu yakishalipwa bila usumbufu, zungumzieni eneo na muda wa uwakala.

Siku ya tano wapeleke Kasumbalesa, karibu kilomita 90, wakutane na mawakala wa forodha watakaowashughulikia.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Ndani ya saa 48 kila kampuni itume bei rasmi kwa wote iliokutana nao. Mratibu apige simu pande zote mbili siku ya 7, ya 30, ya 90 na ya 180, akiuliza swali moja: kuna oda iliyolipwa? Usihesabu hati za makubaliano. Ukikuta mnunuzi anasubiri majibu na mwanachama wako amekaa kimya, mpigie simu mwanachama siku hiyohiyo. Akishindwa kujibu mara mbili, mpe mnunuzi jina la kampuni nyingine ya msafara na umwondoe mwanachama huyo kwenye safari inayofuata.