Simu za kero na namba za 0800: umwendee nani ukiwa Lamu

Mwenye nyumba ya wageni Shela, au nahodha anayepeleka watalii Manda, hawezi kupuuza simu ya namba asiyoijua. Huenda ni mgeni anayetaka kutuma arbuni. Matapeli nao wanalijua hilo, kwa hiyo ushauri wa "usipokee" haumfai. Cha maana ni kuisoma namba, na kujua mlango wa kubisha mambo yakiharibika.

Namba ya 0800 ni ya bure kwa anayepiga. Gharama hulipwa na mwenye namba. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) hugawa mafungu ya namba kwa kampuni za simu zenye leseni, nazo huwapa wateja wao. Kazi ya namba hizo ni kupokea: 0800 722 203 ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa mfano, ni ya wewe kupiga. Ukipigiwa na 0800 na msemaji akataka PIN au msimbo uliotumwa kwa ujumbe, kata. Namba inayoonekana kwenye kioo yaweza kughushiwa, hasa simu ikipitia intaneti. Marekani ililazimisha kampuni kubwa za simu kuthibitisha namba kidijitali kuanzia Juni 2021, ila uthibitisho huo haukwambii kama msemaji ni mwaminifu. Tafuta namba rasmi mwenyewe, upige wewe.

042 ni simu ya mezani ya huku kwetu, Lamu na Malindi. +252 ni Somalia. Mwenye jamaa Kismayu asiitupe tu. Lakini simu ya msimbo wa nchi usiyoijua ikilia mara moja na kukatika, usiirudie: lengo ni upige wewe, utozwe bei ya juu, na tapeli apate fungu lake.

Kosa la kawaida ni kuzuia namba na kufuta ujumbe papo hapo kwa hasira. Ushahidi umekwenda. Andika kwanza tarehe, saa, namba na alichodai, piga picha ya skrini, ndipo uzuie.

Ukiambiwa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", tazama ujumbe umetoka wapi. Wa kweli hutoka MPESA. Wa uongo hutoka kwenye namba ya mtu. Hata hivyo usiuamini ujumbe peke yake: piga *334# uangalie salio. Na pesa ikiwa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako, mwache aliyetuma aombe kampuni iirudishe. Kama wewe ndiye uliyetuma kimakosa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Mwenzio akishaitoa kwa wakala, nafasi ya kuipata ni ndogo mno, ndiyo maana hapa dakika zina thamani. Namba ya tapeli isambaze kwa 333 ukiwa Safaricom. Mtandao mwingine, pigia huduma kwa wateja. Kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Watu wengi hukimbilia CA moja kwa moja, wakarudishwa. Lalamika kwanza kwa kampuni yako ya simu na uchukue namba ya kumbukumbu. Isiposhughulikia, andika kwa chukuahatua@ca.go.ke ukiambatanisha kumbukumbu hiyo na picha zako. CA yaweza kuibana kampuni, lakini pesa iliyoibwa hairudishi.

Matangazo ni mlango mwingine. Kampuni inayokusumbua na matangazo usiyoyaomba iandikie iache, uihifadhi nakala. Ikiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Sheria inaipa siku 90 kuchunguza na kuamua. Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kuendewa pale programu ya mikopo inapokupigia kwa sababu jirani amekopa na namba yako imo simuni mwake. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali mchezo huo, hivyo nakala nyingine itume huko.

Mwisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho katika duka la kampuni husika waifunge. Laini hiyo ikitumiwa kutapeli, polisi wataanza na jina lililosajiliwa.