Kabla Hujalipia Gari la Michezo la Zamani, Ifuatilie Chasisi

Muuzaji akikuonyesha gari adimu la michezo, usianze na rangi wala injini. Rangi hupakwa upya na injini huhamishwa. Anza na namba ya chasisi, na usitoe arubuni kabla hujaikagua kwa macho yako.

Beba tochi na kitambaa, ufute grisi. Viwandani zamani tarakimu ziligongwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo mara nyingi utakuta moja imezama zaidi na nyingine imeinama kidogo. Chuma cha pembeni kiwe tambarare. Ukiona kibonde, michirizi ya mashine ya kusagia au mstari wa kulehemu unaozunguka namba, kuna kipande kilichobandikwa. Na namba yenye herufi na tarakimu 17, mtindo uliowekwa rasmi Marekani mwaka 1981, haiwezi kuwa ya kiwandani kwenye gari la 1962.

Kisha jua yalitengenezwa mangapi na yamebaki mangapi. Bugatti Type 57SC Atlantic zilikuwa 4 tu. Moja, nyeusi, ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili na haijaonekana tena. Nyingine iligongwa na treni Ufaransa mwaka 1955, ikaja kujengwa upya. Kwa hiyo "limesalia" pekee halitoshi, uliza ni chuma kiasi gani kilichosalia. Jaguar XKSS nazo zilikamilika 16, baada ya moto wa Februari 1957 kuteketeza 9 kiwandani Browns Lane. Mwaka 2016 Jaguar wenyewe walitangaza kuunda 9 mpya. Hizo ni halali kabisa, ila si za 1957, na muuzaji anatakiwa kulisema hilo kwa maandishi.

Vyeti vya urithi, yaani hati zinazoeleza gari lilivyotoka kiwandani, navyo viombe mapema: Jaguar hutoa kutoka kumbukumbu za uzalishaji, Ferrari wana Classiche, kitengo chao cha kuthibitisha uhalisi wa magari ya zamani. Ila hati inayotoka kwenye daftari la kiwanda inaeleza gari lililotoka pale. Haithibitishi kwamba ndilo lililo mbele yako. Pengo hilo hujazwa na stakabadhi za wamiliki na picha za mashindano, ambako hata mpangilio wa ribiti unaweza kulinganishwa.

Mwisho, waulize watunza rejista wa klabu ya wamiliki wa aina hiyo ya gari kama kuna gari jingine linalodai namba hiyohiyo. Hutokea: fremu (chasisi) iliyoharibika ilitupwa na gari likawekewa nyingine, mtu akaiokota ile ya kwanza, yakazaliwa magari mawili. Likiwepo, mwachie mwanasheria kwanza.